Boya Namba Tisa

Nyote mnaofanya kazi sasa kwenye mfereji wetu wa mashua mnalijua boya namba tisa, lile jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa lililotundikwa juu ya mlango wa stoo na ambalo halivaliwi na mtu. Lina matundu saba madogo kwa ndani. Kila anayeajiriwa huuliza kwa nini halitupwi, na kila mtu humpa jibu lake. Karibuni nimesikia kuwa alilivaa mtu aliyepigwa risasi. Nimestaafu mwezi uliopita na mikono yangu haijazoea kukaa bure, kwa hiyo naandika mambo yalivyokuwa kabla hamjaniongezea maiti katika mfereji ambao haujawahi kuua hata paka.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Bustani hapa Qurum, Maskati, ilikuwa bado mpya, miti haijatoa kivuli cha kumtosha mtu, na mfereji ulikuwa umechimbwa kukizunguka kisiwa kidogo ili watu watembee kwa mashua za kukanyaga. Jumanne ilikuwa siku ya wanawake na watoto peke yao. Siku hiyo hata mafundi wanaume hawakuingia, na hiyo ndiyo sababu nikahitajiwa mimi. Mudiri, mkuu wa bustani, aliponiuliza nimezaliwa wapi nikamwambia Unguja, akaandika kwenye fomu kwamba najua mambo ya bahari. Sikumsahihisha. Bahari nilikuwa naijua kwa kuitazama, kama watu wengi wa kwetu.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Kurian, mtu wa Kerala, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinipa firimbi na upondo, ule mti mrefu wenye ndoana ya chuma nchani, akanionyesha namna ya kuivuta mashua bila ya kuitoboa. Nikavuta, nikateleza, nikaingia majini na abaya yangu nzima. Nilipiga mayowe kuwa nakufa. Kurian aliningoja nimalize, kisha akaniambia kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba nisimame. Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

Huyo ndiye aliyenifundisha kuziba faiba iliyopasuka, kukaza mnyororo wa pedali, kufunga kamba ili upepo usiifungue. Na kila kitu kilipoharibika alikuwa na desturi moja iliyonichosha sana. Alikigeuza. Alikitazama nje, akakitazama ndani, akatafuta uharibifu umeanzia upande gani, na mpaka ajue hilo hakukubali kumtaja mtu. Mimi nilikuwa mwepesi wa kumtaja mtu. Nimekulia katika nyumba ya wanawake tisa, na kwetu kitu kikivunjika jina hutoka kabla ya ufagio.

Ufisadi wa kwenye maji nitaueleza kidogo, maana mwingi bado mnauona. Watu walichora majina yao kwa funguo kwenye viti. Walitupa maganda ya tikiti na mifupa ya kuku. Waligonganisha mashua kwa makusudi, na Jumanne moja walikuja jamaa wa biharusi wakapakia watu sita na ngoma katika mashua ya wanne, na mpiga ngoma akataka kusimama. Mwenye firimbi hushawishika kuipuliza. Nasaha yangu ni kwamba mwanamke aliyemzidi mama yako kwa umri hapulizwi firimbi. Unakwenda ukingoni, unamwamkia, unamuuliza watoto, unamuuliza mguu wake, kisha ndiyo unamwomba akae. Atakaa. Ukimpuliza firimbi atacheza mpaka Magharibi.

Tabu yangu kubwa ya mwanzo ilikuwa maboya. Wanawake hawakutaka kuyavaa. Yalinuka jasho la watu wengine na maji yaliyolala, na mwanamke aliyetoka kwao amejifukiza na kujipaka hawezi kuvaa kifuani kitu chenye harufu ya soksi. Niliomba, nilitisha, nilieleza habari za kuzama, na wao, walioshasikia nilivyoanguka siku ya kwanza, wakanijibu, "Si ulisimama?" Basi nikafanya kama tunavyofanya majumbani. Kila Jumanne alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufika, niliwasha chetezo changu ndani ya stoo, nikakitia udi, nikaweka juu yake tenga la fito tunalofukizia kanzu, na maboya nikayageuza ndani nje, kama kanzu, nikayatandika juu. Nikenda zangu kuhesabu makasia ya akiba. Nikirudi yananukia kama nyumba ya harusi.

Wakayavaa. Wengine walikataa kuyavua. Mudiri alinisifu katika kikao mbele ya wanaume peke yao kwamba Jumanne yangu ndiyo siku pekee ambayo kila abiria amevaa boya. Siri ya udi sikumwambia. Fundi Kurian siku za Jumanne hakuwapo, na Neema, dada wa Kitanzania kutoka Morogoro aliyekuwa akisafisha ukingo pamoja nami, alidhani harufu ile ni yangu mimi.

Boya namba tisa lilikuwa kubwa kuliko yote, na lilikuwa na mwenyewe. Bi Ghaniya wa Wattaya, mtaa wa jirani, mama mnene, mzaliwa wa Pemba, magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alikuja mara ya kwanza kwa fimbo, akaniambia daktari amemwamrisha aendeshe baskeli. Alilisema neno hilo kama mtu aliyetukanwa. "Mimi, mama wa watoto saba, nipande baskeli Wattaya mbele ya maduka ya magari?" Nikamwonyesha mashua. Alizikagua pedali, akalikagua pazia la vichaka lililotuficha na barabara, akapanda. Wiki ya kwanza alizunguka nusu ya kisiwa nikamvuta kwa upondo. Baada ya miezi mitatu alikuwa akizunguka mara tatu bila ya kupumzika, na fimbo anaisahau kwangu. Hakuwa na mahali pengine popote Maskati nzima pa kufanya hivyo. Nakutajieni haya mjue Jumanne ile ilikuwa dawa ya mtu.

Pazia la vichaka, lakini, lilikuwa na pengo. Mfereji ulipopinda ulipita karibu na ua wa waya, na nje ya ua ndipo vijana walipokuwa wakiegesha magari. Siku hizo simu za mkononi hazijaenea. Kijana alikuwa akiandika namba ya simu kwenye karatasi, anaifunga kwenye kijiwe, anairusha ndani ya mashua ya wasichana. Wengi hawakuwa na shabaha. Neema alikuwa akiyavua makaratasi kwa wavu na kunisomea, na mengine yalikuwa na mashairi, mabaya. Tulicheka mpaka siku kijiwe kimoja kilipompiga Neema juu ya jicho, damu ikatoka, na kingine kikapasua ubavu wa mashua. Hapo niliacha kucheka. Nilikwenda uani nikawaambia maneno ambayo mama zao hawakuwahi kuwaambia, wakatawanyika, na Jumanne iliyofuata wakarudi.

Kisha yakaanza matundu. Matundu madogo ya duara, yenye ukingo mgumu mweusi, kwenye maboya. Wiki moja matatu, wiki nyingine matano, na kila mara tuliyaona baada ya Jumanne. Mudiri alilishika boya moja, akalitia kidole, akasema hizo ni sigara. Vijana wanarusha sigara zinazowaka juu ya wanawake, na kesho itawaka abaya ya mtu, na yeye ndiye atakayeulizwa. Alikuwa na khofu ya haki. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi: ama nimjue anayechoma, ama siku ya wanawake kwenye mfereji ifungwe.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshamjua. Nilikuwa nimemwona mara mbili, kijana mrefu, gari nyeupe, peke yake, anavuta sigara pale pale kwenye pindo la mfereji. Jumanne ya kwanza ya mwezi nilimwona tena. Nikaiandika namba ya gari kiganjani, nikarudi gatini, nikashika kipaza sauti cha mkononi nikaitangaza na kuuliza ni gari ya nani. Hiyo ndiyo njia yetu. Polisi wanaitafuta namba kwenye mafaili, sisi tunawauliza mashangazi, na mashangazi hujibu haraka zaidi.

Aliyejibu ni Bi Ghaniya. Alikuwa anashuka, namba tisa kifuani, uso umemwiva kwa mazoezi. Alisema hiyo gari ya mwanawe Nassor, kwani ina nini.

Ningeweza kumvuta kando. Kila nikikumbuka najiuliza ningepungukiwa na nini. Badala yake, mbele ya wanawake wote wa gati ile, nilimshika upindo wa boya, nikaugeuza nikawaonyesha watu matundu, nikasema mwanawe ndiye anayetuchomea na kwa ajili yake tutafungiwa sote. Bi Ghaniya alilivua boya taratibu, akalikunja, akaliweka juu ya benchi kama mtu anavyomlaza mtoto, akaenda zake.

Jumanne iliyofuata hakuja. Hawakuja wakwe zake, hawakuja majirani zake, hawakuja watu wa Pemba, na kisha hawakuja hata wasiokuwa na udugu naye, maana nani atake kwenda mahali ambapo mwanawe anaweza kutangazwa kwa kipaza sauti? Mashua zilikaa zimefungwa. Nilikuwa nimeifunga siku ya wanawake mwenyewe kabla ya mudiri kuifunga. Na cha ajabu, jioni yake nilikuta matundu mapya mawili.

Nilimpelekea Kurian boya namba tisa alitie viraka. Kama kawaida yake akaligeuza. Alikaa nalo muda, miwani puani, kisha akaniuliza kwa upole sigara imeingiaje ndani bila ya kupita nje. Kitambaa cha nje kilikuwa kizima. Matundu yote yalikuwa upande wa kifuani, upande ambao abiria akilivaa hauonekani na mtu, seuze kufikiwa na sigara. Akachukua boya jengine kutoka rafu ya juu, la mtoto, ambalo halijashuka majini mwezi ule. Nalo lilikuwa na tundu, kwa ndani. Akaniuliza mimi hufanya nini na maboya Jumanne asubuhi, kwa sababu yeye siku hiyo hayupo.

Nikamwambia nayafukiza udi. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimeacha mkaa wa kawaida, unaochukua muda kushika, nikaanza kutumia mkaa wa vidonge, ule mweusi wa duara unaowaka kwa kiberiti kimoja. Kurian akataka auone. Nikamuwashia palepale, kwenye chetezo. Kidonge kilitatarika, kikarusha cheche, na moja ikatua kwenye mfuko wa shati lake la kazi. Aliipangusa, akaushika ule mfuko wa shati, akauweka pembeni ya boya namba tisa. Tundu na tundu, sawasawa.

Nililia stoo siku ile, nakuambieni bila ya kuficha. Si kwa kuogopa kufukuzwa. Nililia kwa kuwa nilimwona kijana anavuta sigara, nikapenda awe yeye, na tangu hapo sikutazama kitu kingine. Mfukiza maboya nilikuwa mimi. Mtoboa maboya mimi. Na mtangazaji pia mimi.

Kwa mudiri nilikwenda asubuhi yake. Nilimweleza yote, nikitazama zulia. Nilipomaliza nikanyanyua uso, nikamkuta anaung'ata mdomo ili asicheke, kisha hamu ya kucheka ikampita akawa mkali. Akasema madhali hakuna anayerusha moto, haoni sababu ya kuifunga Jumanne. Lakini Jumanne isiyokuwa na watu itajifunga yenyewe. "Wanawake umewafukuza wewe," aliniambia. "Mwezi haujesha. Warudishe."

Wattaya nilikwenda peke yangu, baada ya Alasiri. Mnajua desturi zetu, shida haisemwi mlangoni. Bi Ghaniya alinikaribisha kama mgeni yeyote, akanimiminia kahawa, akanisogezea tende, akaniuliza khabari za njia, na kutoka Qurum mpaka Wattaya ni mwendo wa kusikiliza nyimbo mbili za redio. Nikajibu salama. Khabari za watu wangu? Salama. Ukutani nyuma yake niliiona fimbo. Ilikuwa imerudi kazini. Kikombe cha tatu nilikitikisa, kuonyesha nimetosheka. Ndipo nikasema. Sikupamba kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia Nassor alikuwa anamngojea yeye. "Mie siendeshi gari. Ananileta, anakaa pale masaa matatu juani mpaka nishuke. Asivute sigara afanye nini? Na wewe hata hukumuuliza." Nikamwomba radhi. Akatingisha kichwa.

"Radhi yangu nimekupa tokea ulivyovua viatu mlangoni," alisema. "Lakini mwanangu hukumsema nyumbani kwangu, bibi. Ulimsema gatini, mbele za watu. Huko ndiko ukamsafishe."

Jumanne ya mwisho ya mwezi walikuja wote. Alikuwa amewaita yeye, kwa simu, nyumba kwa nyumba, waje wasikilize jambo. Nilipanda juu ya benchi na kipaza sauti kile kile. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi lakini macho hayakuona kitu, nikasema yaliyokuja.

"Maboya haya hakuyatoboa kijana yeyote. Nimeyatoboa mimi, Rahma, kwa udi wangu na kwa mkaa mbaya. Nassor wa Bi Ghaniya hana kosa. Nilimsingizia mbele yenu, na mbele yenu namwomba msamaha, yeye na mama yake."

Nilikigeuza kipaza sauti upande wa ua nikarudia, ili na huko nje kusikike. Kisha Bi Ghaniya akasogea mbele na fimbo yake.

"Nipe namba tisa."

"Ina matundu, Bi Ghaniya. Haijatiwa viraka."

"Nnayaona. Nipe."

Akalivaa, akanipa fimbo niishike, akapanda. Alizunguka nusu ya kisiwa tu, magoti yalikuwa yamesahau, na nilimvuta kwa upondo kama zamani. Nyuma yake wakajaa wengine, mpaka mashua zikaisha.

Jioni, nikifunga lango, yule kijana mrefu aliniita kwa adabu kutoka kwenye gari nyeupe. Nikajiandaa kwa lolote. Akateremsha gunia la mkaa wa msamri, ule mti wa majabalini, akaliweka miguuni mwangu. "Mama anasema huu haurushi cheche," alisema, akaondoka. Nilisimama pale na gunia langu, nikajiona mdogo na nimefurahi, vyote pamoja.

Maneno ya Bi Ghaniya juu ya masaa matatu ya juani hayakunitoka. Nilipowatazama vizuri wale wa nje, wengi wao walikuwa kama Nassor, wamewaleta mama zao na hawana pa kukaa. Kurian akajenga banda kwa maturubai ya mashua zilizokufa, mbali na ua, na Neema akawa anapeleka birika la chai ya maziwa, na mara ya kwanza aliwaonyesha wazi kovu lake la juu ya jicho. Waliokuwa wakingojea wakahamia bandani. Waliobaki uani walikuwa wachache, na hao tuliwawekea mashangazi: kila Jumanne mama watatu wanne walitandika mkeka kwenye pindo, uso kwa uso na waya, na machupa yao ya kahawa. Mmoja karatasi ilimwangukia mapajani, akaitambua namba, ilikuwa ya nyumba ya kaka yake. Alipiga simu jioni hiyo akaomba kuzungumza na mshairi. Baada ya hapo mawe yalikwisha.

Miaka ya elfu mbili ikaja na simu za mkononi, na vijana wakaanza kutumiana salamu hewani bila ya kumpasua mtu uso, ambayo naihesabu kuwa maendeleo. Kurian alirudi kwao, akaniachia miwani moja ya akiba na uzi wake. Maboya mapya yalikuja, namba tisa likatolewa kazini kwa uzee, nikalitundika juu ya mlango. Udi niliendelea nao mpaka mwisho, kwa mkaa wa msamri, na boya mbali na moto kwa urefu wa mkono. Msiuache. Wanawake bado wana pua.

Mkikuta kitu kimeharibika, kigeuzeni kwanza. Vijana wa uani wapo siku zote, na ni rahisi sana kuwatazama wao.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Jumanne. Nassor, mvi kidogo kidevuni, alimleta mama yake mpaka langoni akenda zake bandani. Bi Ghaniya alizunguka kisiwa mara moja, polepole, akashuka bila ya fimbo, akapita chini ya mlango wa stoo. Akasimama, akanyanyua uso.

"Bado linanukia," alisema.

Alipoondoka nilipanda kiti, nikatia pua kwenye matundu yale saba. Alikuwa ananidanganya, lilinuka vumbi. Nikawasha chetezo.